Boksi la Vigelegele

Veronicah Wanjira hakuwahi kukiacha kitu kibovu kilale kibovu. Iwe redio iliyokuwa ikikohoa, taa ya sola iliyozimika, au saa ya ukutani iliyoamua kwamba dunia nzima ni saa nne, alikichukua hadi kibandani kwake katika soko la Ishiara, akakiweka kati ya cherehani na kopo la vifungo, na hakikutoka hapo mpaka kiseme kinachokiuma. Kazi yake ilikuwa kushona. Sare za shule, magauni ya harusi, suruali za wazee waliopungua au kuongezeka, hayo ndiyo yaliyompa unga. Mengine aliyafanya kwa sababu mikono ilimwasha, na mikono ikikuwasha utafanyaje?

Yalianzia kwenye cherehani yenyewe. Magoti yalipochoka na pedali, alitafuta mota ya mashine ya kufulia iliyokuwa imetupwa, akaifunga chini ya meza kwa mikanda ya ngozi, na siku ya kwanza ikashona kwa kasi hata ikaitoboatoboa kola ya mwalimu mkuu ikawa kama kichungi cha chai. Mtu mwingine angerudia pedali. Yeye alicheka, akamshonea mwalimu kola mpya, kisha akaingia kwenye simu kutazama video za watu wanaopunguza kasi ya mota. Tangu hapo hakurudi nyuma.

Muriuki, mwanawe wa pekee, ndiye aliyemwonyesha chumba cha Majimbo. Muriuki aliishi katika mtaa huo, mjini Embu, pamoja na mkewe Lorna, na karibu nao palikuwa na chumba ambamo kila Jumamosi walikutana watu wenye ugonjwa uleule wa Veronicah. Hawakuwa mainjinia. Mmoja alikuwa mpishi wa shule aliyekuwa akiunda sufuria ya kumpigia simu maharagwe yakikaribia kuungua. Mwingine alikuwa mchungaji mwenye ndege ndogo isiyo na rubani, na ndege hiyo ilikuwa imeanguka mara nyingi kuliko ilivyoruka. Mwenye chumba alikuwa Muchangi, daktari wa mifugo, mtu mnene mcheshi, ambaye mashine yake ya kuchapa vitu vya plastiki ilikaa pembeni ikijenga vigurudumu na vifuniko, safu juu ya safu, polepole kama mchwa. Siku ya kwanza Veronicah aliingia na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akaketi karibu na mashine ile, na chai yake ikapoa akiwa bado anaitazama.

Mambo yao aliyafanya kwa njia yake. Kabla ya kulehemu waya aliupiga bandi kwanza, yaani aliushikiza kwa uzi wa muda, kama mtu anayeshikiza mkono wa gauni kabla ya kuushona. Alichora kwa chaki. Waya zilizotoka kwenye boksi zilipitia kitundu kilichozungushiwa uzi kama cha kifungo. Walimcheka, naye akawacheka kwa waya zao zilizokaa kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Basi wakapendana.

Lakini watu wa Ishiara, kabla ya hizo mota na waya, walimjua Veronicah kwa kitu kingine kabisa. Walimjua kwa vigelegele.

Kwao, mtoto akizaliwa, wanawake hupiga vigelegele, au ngemi kama wenyewe wanavyoviita, kumtangaza, na vigelegele hivyo huhesabiwa. Vya mvulana huzidi vya msichana, na mtu aliye shambani ng'ambo ya bonde huinua kichwa, akahesabu, akajua ni nani amekuja duniani kabla hajaambiwa. Wanaosikia huitikia, kisha huja, huyu na uji kibuyuni, huyu na mzigo wa kuni, huyu na ndengu. Na katika bonde lile lote hapakuwa na koo la kushindana na la Veronicah. Alianza chini, akapanda, akakaa huko juu mpaka ukaogopa kwamba hatashuka, kisha akashuka kwa madaha. Alialikwa hata kwenye harusi za watu asiowajua, ili mradi afungue mdomo.

Kisha tezi ikamvimba shingoni. Madaktari waliitoa na wakamwokoa, jambo ambalo hakuchoka kumshukuru Mungu kwalo, lakini tezi ilipoondoka iliondoka na sauti. Alibaki na mnong'ono mkavu, wa mtu anayekupa siri hata anapokuuliza bei ya chumvi. Tangu siku hizo, mtoto akizaliwa, aliyetangulia kupiga vigelegele alikuwa Makandi.

Makandi alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya kijito. Aliolewa hapo kutoka Ruiri, upande wa Meru, akaja na mapafu ya huko. Walikuwa marafiki wa kuchokozana.

"Mama Muriuki, wewe pumzika tu," Makandi alizoea kumwambia. "Mungu alikupa zamu yako, sasa ni yangu."

Alisema kwa mzaha, na Veronicah alicheka, na kila mara mzaha huo ulimchoma.

Basi Lorna akapata mimba. Nyamu, mume wa Veronicah, mfugaji wa mbuzi na mtu wa maneno ya kupima, alionyesha furaha yake kwa kwenda kuwatazama mbuzi wake upya, mmoja mmoja. Veronicah alifurahi hadi akaimba kwa mnong'ono wake, kisha furaha ikaanza kumwasha. Mvulana wa kwanza angeitwa Nyamu, jina la babu yake. Msichana wa kwanza angeitwa Wanjira. Na kwao jina si la kuitia mtu chakula tu. Mtoto anayebeba jina lako ni wewe umerudi, na Muriuki angemwita binti yake "mama" bila kuona ajabu. Sasa Wanjira mdogo aje nyumbani kwa Wanjira mkubwa, halafu apokewe na mdomo wa Makandi? Jambo hilo Veronicah hakuweza kulimeza. Awe Nyamu, awe Wanjira, alitaka mjukuu wake apokewe kwa sauti ya nyanyake mwenyewe. Hakutaka kingine mwaka ule.

Sauti ilipatikana katika simu ya Nyamu. Siku walipopeleka mbuzi wa mahari kwa kina Lorna, kabla ya upasuaji, Nyamu alikusudia kupiga picha akabonyeza video bila kujua. Alirekodi viatu vyake tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini juu ya viatu vile alisikika Veronicah, peke yake, akianza vigelegele langoni kabla ya wenzake kuingia. Na mara tu alipomaliza, mbuzi mmoja wa mahari alisema mee, ndefu, kana kwamba naye ameulizwa maoni.

Veronicah aliipeleka sauti ile Majimbo, Jumamosi.

"Huyu namtoa," Muchangi akasema, akamwandama mbuzi kwenye kompyuta yake. Lakini kila alipomkata mbuzi, alikata na pale juu ambapo sauti ya Veronicah ilikuwa imekaa. Mwishowe akajikuna shingo. "Kuna njia ingine, mama. Siku hizi kompyuta inasikiza sauti yako kidogo tu, halafu inaiga. Inaweza kupiga ngemi mpya saa hii, bila mbuzi. Inaweza hata kuongea, uende nayo kwa duka ikuulizie chumvi."

Akaijaribu. Kompyuta ikapiga vigelegele safi, vyote vya urefu mmoja, bila kuvuta pumzi popote. Veronicah alivisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Huyo ni mimi ambaye hajawahi kufurahi," akanong'ona. "Niachie mbuzi."

"Sawa, mama." Muchangi akairudisha ile ya kwanza, akasikiliza tena. "Na kusema kweli, mbuzi mwenyewe alikuwa na afya."

Bodi ya umeme ambayo ingeicheza sauti hiyo simu ikiingia, aliipata kwa Sabirin, aliyeuza vipuri vya simu mjini Meru. Hawakuwa wamewahi kuonana, ila walizoeana kwa simu kama mtu na binti yake.

"Hii ya kuingiza laini unataka ya nini, mama? Ya kushika wezi?" Sabirin aliuliza.

"Ya kupokea mgeni."

"Mgeni gani anapokewa na spika?"

Veronicah akamweleza yote, koo, mimba, jina, hata mbuzi.

"Walahi, nakutumia na gari ya kesho asubuhi, na waya nakuongezea juu," Sabirin akasema. "Lakini huyo mtoto akikuja, mimi uniambie. Usinisahau."

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi, na Veronicah alijivunia urahisi wake. Boksi aliloiundia bodi hiyo lilikuwa na namba ya simu ya peke yake. Muriuki akilipigia, lingejua ni mvulana. Lorna akilipigia, lingejua ni msichana. Mtu mwingine yeyote akilipigia, lingenyamaza. Halikuwa la kuongea na mtu. Lilitambua namba, likapiga vigelegele vya kadiri inayostahili, basi. Kifuniko alichapiwa na Muchangi kwa plastiki ya buluu, naye akakitia bitana ndani kama koti. Alilijaribu chumbani, likiwa limefungwa mablanketi mpaka likasikika kama mtu aliye kisimani, kwa maana kwao mtoto ambaye hajazaliwa hashangiliwi. Hata soksi hanunuliwi. Ukimshangilia mapema, unaliambia baya lililokuwa likipita njia kwamba hapa pana kitu cha kuchukua. Kisha Nyamu akapanda ngazi, akafunga juu ya paa honi ya spika iliyostaafu kanisani, uso wake ukitazama bondeni.

"Na ikikosea?" Nyamu aliuliza akiwa juu.

"Itakosea vipi, Baba Muriuki? Kila waya nimeupiga bandi."

Hilo lilikuwa kweli, na boksi halikukosea hata siku moja. Lililosahaulika ni kidole cha Lorna. Lorna aliihifadhi namba ya boksi katika simu yake kwa jina Mama Boksi, na namba hiyo ilikaa chini tu ya ile ya mama mkwe wake, iliyoandikwa Mama. Mtu ambaye hana uchungu wa uzazi hawezi kuzichanganya.

Siku yenyewe iliangukia siku ya soko. Asubuhi Muriuki alikuwa amepiga simu kusema wamekwenda hospitali, na Veronicah akaona heri ashone kuliko kukaa nyumbani akilitazama boksi. Alikuwa katikati ya mkono wa gauni la zambarau sauti iliposhuka kutoka mlimani.

Ilianza chini, ikapanda, ikakaa huko juu. Veronicah alizima mota. Miaka yote alikuwa amekaa ndani ya sauti ile. Hakuwahi kusimama mbali akaisikia ikimjia. Hakujua kwamba ilikuwa nzuri namna ile. Wauza ndengu walinyamaza, midomo ikihesabu. Kisha mbuzi akasema mee, na soko zima likajua ni nyumba ya nani.

"Msichana," mwanamke mmoja akasema. "Muriuki amepata msichana."

Veronicah alilia pale pale mbele ya wateja, bila aibu yoyote, akatoka mbio na futi shingoni na pini zimechomekwa kifuani. Hakuwa amefika mwisho wa soko sauti ilipoanza tena. Vigelegele vya msichana, na mbuzi. Akasimama. Mapacha! Mbona hospitali hawakuwa wamesema? Akakimbia zaidi. Alipofika kijitoni ikaanza tena, na sasa kutoka ng'ambo zote za bonde wanawake walikuwa wakiitikia, na Makandi akachomoza katikati ya mtama akiwa na jembe mkononi.

"Mama Muriuki," alisema akihema, "huyo Lorna anazaa ama anavuna?"

Walipanda pamoja, wameshikana mikono. Uani walikuta watu wamekwisha kuanza kufika, vibuyu vya uji mgongoni, kuni kichwani. Nyamu, ambaye kimoyomoyo alikuwa akimngoja Nyamu mdogo, aliposikia ni Wanjira hakusita hata kidogo. Alimkamata beberu mnene kuliko wote, akamchinja. Aliposikia wa pili alianza kumtazama beberu mwingine. Aliposikia wa tatu alikaa juu ya jiwe, kisu mkononi.

Ndipo, mbele ya watu wote, boksi likapiga tena. Watoto wanne! Wanawake wakaruka kwa shangwe, na katikati ya shangwe hiyo simu ya Veronicah ikalia mfukoni. Alikuwa Muriuki.

"Mum, mbona hushiki simu ya Lorna? Amekupigia mpaka amechoka. Nimeona wacha nijaribu na yangu."

"Watoto ni wangapi?" Veronicah akanong'ona.

"Watoto gani? Daktari amesema bado. Ametuambia tutembeetembee, ndio Lorna alikuwa anataka kukuambia."

Veronicah alishusha simu. Uso wake ulitosha, shangwe ikazimika kabla hajasema. "Bado," akawaambia, na kwa mara ya kwanza mnong'ono wake ulisikika na kila mtu.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mkongwe alikifunika kibuyu chake kwa leso, taratibu, kama mtu anayekificha kisionekane. Mwingine aliitazama ile nyama ya beberu iliyokuwa ikining'inia, akageuza macho. Mtoto alikuwa ameshangiliwa, ameitikiwa na bonde zima, amechinjiwa, naye bado yumo tumboni mwa mama yake. Jambo kama hilo halikuwa limewahi kutokea huko, kwa kuwa hakuna koo la mtu ambalo lingeweza kulifanya.

Veronicah aliingia ndani. Alichomoa waya zote, hata zile alizokuwa amezishikiza kwa mapenzi, akalisukuma boksi mvunguni mwa kitanda mpaka likagonga ukuta. Kisha akaketi juu ya kitanda, na hofu ikamshika kwelikweli. Alijiona mpumbavu. Kwa tamaa ya kusikika alikuwa amemtangaza mjukuu wake kwa kila kitu kizuri na kila kitu kibaya kilicho chini ya jua. Kama Lorna angepatwa na lolote, angewezaje kumtazama usoni? Aliahidi mbele ya Mungu kwamba mtoto akifika salama, Makandi na apige vigelegele mpaka achoke, yeye hatanung'unika.

Makandi mwenyewe akaingia bila kubisha.

"Toka nje, Mama Muriuki. Mzee amechinja, na nyama haiwezi kurudi kwa ngozi."

"Nimemwita mtoto kabla ya saa yake."

"Umemwita mapema, ndio. Ni makosa, siwezi kukudanganya." Makandi akaketi kando yake, kitanda kikalia. "Lakini sisi huko Ruiri, mgeni akichelewa, chakula haimwagwi. Inafunikwa, watu wanangoja. Hizo ngemi zimetoka, haziwezi kurudi kwa koo. Sasa tutakaa hapa, sisi wote, mpaka huyu mtoto afike. Akifika, hazitakuwa za uongo tena. Zitakuwa tu zilitangulia."

"Na wale wanaotaka kwenda?"

"Nimewaambia wasitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwenye anataka kwenda aache kibuyu."

Hakuna aliyekwenda. Hata bibi mkongwe alikifunua kibuyu chake, akasema uji ukichacha zaidi utawalewesha. Waliwasha moto, wakachoma nyama, wakaanza kwa sauti za chini kama watu walio kwenye matanga. Kisha mtu akamuuliza Nyamu alifikiri nini aliposikia mtoto wa nne.

"Nilifikiri nihamie kwa kina Lorna, wanilishe wao," Nyamu akasema, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyefanya mzaha, watu walicheka hadi wakashikana mabega. Toka hapo mambo yalilegea. Mmoja akaigiza alivyoanguka na kuni zake. Mwingine akaapa kwamba alikuwa amekwisha kuwagawia wale wanne majina. Veronicah aliketi katikati yao, simu mapajani, akala kidogo, akacheka kidogo, akaomba sana. Waliokuwa na ng'ombe wa kukama walikwenda wakakama, wakarudi.

Simu ilikuja asubuhi, umande ukiwa bado majanini, wengine wamelala kwenye mikeka na wengine wakichochea moto wa chai. Veronicah aliisikiliza ameishika kwa mikono miwili.

"Wanjira," akasema. "Ni Wanjira. Yeye na mama yake wako salama."

Wote, kwa mazoea, wakamgeukia Makandi. Makandi akasimama, akafunga leso kiunoni, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Veronicah akainamisha kichwa angoje, maana alikuwa ameahidi. Lakini hakikutoka kitu. Makandi aliiachilia pumzi ile yote bure, kwa kishindo, kama tairi.

"Hapana," akasema. "Huyu si wangu. Mimi ni wa kuitikia. Hiyo kitu iko wapi?"

"Mvunguni."

"Basi si unajua? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama."

Wakainama wote wawili, wakalivuta likiwa na vumbi. Veronicah aliliweka mezani, lakini vidole havikuthubutu kugusa waya. Ndipo Nyamu akaingia, ngazi begani, akaliangalia boksi, akamwangalia mkewe.

"Mimi napanda huko juu kushika honi," akasema. "Wewe unganisha. Nataka kumsikia mama akimpokea mama."

Nyamu hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja tangu harusi yao. Veronicah akaunganisha, waya kwa waya, bila bandi, bila chaki. Kisha akampigia Lorna.

"Mwanangu, pole na uchungu, na hongera. Sasa nipigie kwa ile namba uliyokosea jana."

Alimsikia Lorna akianza kucheka, na kuguna, kwa kuwa kucheka kulimuuma. Simu ikakatika. Wanawake wakasimama uani, macho juu ya paa, na Nyamu kule juu ameikumbatia honi kwa mikono yote miwili.

Ikaanza chini. Ikapanda, ikakaa huko juu. Veronicah alifungua mdomo wake pamoja nayo, na ingawa hapakutoka kitu ila pumzi, koo lake lilikuwa bado linaijua njia, akapanda nayo na akashuka nayo hadi kigelegele cha mwisho. Mbuzi akasema mee. Kisha Makandi akaitikia, na wanawake wote uani, na ng'ambo ya kijito, na mlima wa pili, mpaka bonde zima likawa linamwita mtoto mmoja. Nyamu alilia juu ya paa, akidhani haonekani.

Simu ililia tena katikati ya kelele. Veronicah aliibana sikioni, akaziba sikio la pili.

"Mum, msikie," Muriuki alikuwa akipiga kelele. "Hanyamazi. Nesi ametuuliza kama huyu ni mtoto ama ni king'ora."

Kilio kikapenya. Kilianza chini, kikapanda, kikakaa huko juu, mpaka Veronicah akaogopa kwamba hakitashuka. Hakuwa na haja ya kuwaambia wenzake wasikilize, walikisikia hata waliokuwa penye moto wa chai. Alimpa Makandi simu. Makandi akaiweka sikioni, akaiondoa mbali haraka, akaitazama.

"Haya," akasema, akimrudishia Veronicah simu kwa mikono miwili. "Basi zamu yangu imeisha."

Veronicah alikirekodi kilio kile. Alimtumia Sabirin kwanza, kama alivyoombwa. Kesho yake alilifungua boksi kibandani, karibu na gauni la zambarau lililokuwa bado na mkono mmoja, akakiweka kilio hicho mara tu baada ya vigelegele vyake, na mbuzi akamwacha pale pale katikati.